Nilivyokuwa Mtu wa Uvira

Nilikwenda Goma kusoma udaktari kwa sababu nyumbani Bujumbura nilikosa nafasi, na kwa sababu mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa akifuata vitenge huko, alimwambia mama kwamba Goma watu wanaongea Kiswahili na wanasoma kwa Kifaransa, sawasawa na sisi. "Hatajiona mgeni," alisema. Mama alimwamini. Mimi pia.

Ilikuwa kweli nusu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katikati ya Bujumbura. Nyumbani tunaongea Kirundi, tukitoka mlangoni tunaongea Kiswahili. Siku zangu za mwanzo Goma niliingia duka moja la mtaa wa Himbi nikasema, "Samahani mama, mna sabuni ya kufulia?" Mwenye duka akacheka, akamwita dada yake kutoka chumba cha nyuma.

"Kuya usikie huyu papa. Anasema kama redio!"

Dada mtu akaja akifuta mikono. Wakanisemesha tena na tena kuhusu sabuni mpaka nikacheka na mimi. Baadaye nilizoea. Nilijifunza kusema mutu na mutoto, nilijifunza kutembea juu ya yale mawe meusi ya volkano bila kujikwaa, na nilijifunza kwamba vumbi la Goma halitoki kwenye kola ya koti jeupe hata ufue na nini.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa upande wa Bukavu, karani wa parokia. Chumba changu kilikuwa cha uani, na dirisha lake liliangalia ukuta wa mawe ya lava, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa. Aliishi na mama yake mzazi, bibi aliyekuwa hasikii vizuri na kwa hiyo aliongea kwa kupaza sauti. Bibi huyo hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Murundi. "Murundi, kuya kula! Murundi, leta kiti!" Mtaa mzima ulikuwa unanijua hivyo, na nilipenda. Ugenini, mtu akikuita kwa nchi yako kila siku, unahisi hujapotea.

Mwanzoni kwenda nyumbani likizo lilikuwa jambo la basi tu: unavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, unalala njiani, kesho yake uko kwa mama. Kisha mpaka kati ya Burundi na Rwanda ukafungwa. Ikabidi kuzunguka: boti ya ziwa mpaka Bukavu, gari mpaka Kamanyola, kisha Uvira, kisha Bujumbura. Nilipita njia hiyo mara moja, nikafika nimevimba miguu, na mama akasema nisirudi tena nyumbani mpaka nimalize. Alisema kwa kunihurumia. Hakujua kwamba anasema kitu kitakachotimia vibaya.

Nilikuwa mwaka wa nne vita viliposogea. Wanafunzi wenzangu walikuwa wamezoea habari za vita kama watu wanavyozoea habari za mvua. Mwalimu alifundisha magonjwa ya figo huku mizinga ikisikika upande wa Sake, na ikilia kubwa zaidi alinyamaza kidogo, akatungoja sisi tunyamaze pia, halafu akaendelea. Mimi nilikuwa na shida moja ambayo wenzangu hawakuwa nayo. Viza yangu ya mwanafunzi ilikuwa inakwisha, na pasipoti yangu ilikuwa ofisini, kwa watu wa uhamiaji, ikingoja muhuri. Nilikwenda kuifuata mara nyingi. Kila mara waliniambia mkubwa wa kutia saini hayupo. Mara ya mwisho nilikuta mlango umefungwa na askari aliyekuwa akilinda ameondoka. Kiti chake cha plastiki kilikuwa bado pale nje.

Waasi walianza kuuchukua mji siku hiyo hiyo, wakaumaliza siku zilizofuata. Sitaki kusimulia mapigano, kwa kuwa niliyaona kidogo sana. Tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye korido, mama mwenye nyumba, bibi na mimi, na magodoro yameegemezwa kwenye milango. Bibi peke yake hakuogopa, maana alisikia nusu ya milio. Risasi moja ilipita kwenye bati la chumba changu ikaingia kwenye kabati. Umeme ukakatika, maji yakakatika, mtandao wa simu ukakatika. Milio ilipopungua watu wakaanza kutoka kwenda ziwani na madumu, na waliporudi wakarudi na habari.

Habari iliyonihusu ililetwa na mama mwenye nyumba. Aliingia uani, akaweka dumu chini, akanivuta mkono mpaka jikoni.

"Sikia mutoto yangu. Wanatafuta Warundi."

"Wanafunzi?"

"Wanasema waaskari. Lakini nani atauliza kama uko mwanafunzi? Weye uko kijana, uko mutu wa Bujumbura, papye za serikali hauna. Tangu leo uko mutoto wa dada yangu. Uko wa Uvira."

Lilikuwa wazo zuri, na majirani walionizoea kwa jina la Murundi alikuwa ameshawaomba wasiseme. Uvira inatazamana na Bujumbura, kona ya ziwa tu kati yao, na watu wa Uvira wanaongea Kiswahili kinachokaribiana na changu. Na jeshi la nchi yangu lilikuwa kweli limekuja kupigana Kongo, upande wa serikali, upande ulioshindwa. Kila mtu alijua. Kijana wa Kirundi asiye na pasipoti alikuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kinywa changu. Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu, wanaelewana bila mkalimani, na Goma imejaa watu wanaoongea Kinyarwanda tangu kuzaliwa. Ndiyo maana ukiteleza neno moja tu wanajua umetoka wapi. Wao wakikubali kitu husema "yego." Sisi husema "ego." Tofauti ni pumzi tu. Mimi nilikuwa nimezoea kusema ego hata ninapoongea Kiswahili, hata Kifaransa, kama mtu anavyoitikia kwa kichwa. Mama mwenye nyumba akaanza kunifundisha. Alikuwa akinishtukiza nikichambua maharage: "Umekula?" Nikisema ego, ananipiga kofi la begani. "Ndiyo! Sema ndiyo!" Baada ya muda nilijikuta siitikii kitu chochote, mtu akiniuliza jambo naangalia chini kwanza, natafuta neno.

Shida ya pili ilikuwa bibi.

Tulimweleza. Tulimweleza sikioni, taratibu, kisha kwa sauti kubwa madirisha yakiwa yamefungwa. Alitikisa kichwa, akaelewa, akasema ni vibaya sana mambo haya. Baada ya hapo akanyanyua uso: "Murundi, letea miye maji." Binti yake alikaa chini akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Hatukuweza kumlaumu. Alikuwa ameniita hivyo kwa miaka. Basi nikajifunza kukaa karibu naye muda wote, ili asiwe na sababu ya kuniita.

Hivyo ndivyo nilivyoishi. Chumba, korido, jiko, kiti kando ya bibi. Sikutoka nje ya lango. Asubuhi nilikuwa nikitazama ule ukuta wa lava dirishani mpaka nikajua kila tundu lake. Nilijaribu kusoma vitabu vyangu nikashindwa kuvuka ukurasa. Mwili wangu ulikuwa mzima, na kwa mbali niliwasikia watu sokoni, mafundi wakigonga, chukudu za kubebea mizigo zikipita na magurudumu yao ya mbao yakikwaruza mawe. Maisha ya mji yalikuwa yamerudi haraka kuliko nilivyodhani. Ni mimi tu niliyekuwa nimebaki ndani. Uwanja wa ndege ulifungwa. Boti hazikuwa zikitembea. Na hata zingetembea, baada ya Bukavu kulikuwa na mstari wa vita kati yangu na Uvira, mji ambao nilikuwa nadai ni kwetu.

Mtandao uliporudi, mama alipiga simu. Alikuwa akilia kabla sijasema lolote. Alinisemesha kwa Kirundi, kama siku zote, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Goma.

"Niko muzuri, mama. Tuko wazima wote."

Akaita jina langu. Akaniuliza tena, kwa Kirundi, kama nimeumia kichwa.

"Hapana. Haiko shida."

"Mbona unanijibu kama mtu wa barabarani? Mimi ni nani yako?"

Nyumba ya jirani ilikuwa imepata wapangaji wapya, watu wenye bunduki, na kati yetu kulikuwa na ule ukuta tu. Sikuweza kumweleza. Nilimsikia akihema upande wa pili wa simu, nikamsikia ameanza kufikiri. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Buyenzi, polepole, kila neno peke yake: "Nimeelewa. Msalimie mama yako wa huko." Tangu siku hiyo hakuniongelesha tena Kirundi kwenye simu. 

Walikuja nyumbani asubuhi moja, askari watatu, wakikagua mtaa mzima. Hawakuwa wakali. Mkubwa wao alivaa buti safi na alisalimia vizuri. Walitazama vyumba, wakafungua kabati langu, wakaona tundu la risasi, wakatikisa kichwa. Mkubwa akaniangalia.

"Na huyu?"

"Mutoto wa dada yangu," akasema mama mwenye nyumba. "Anasoma hapa. Ni wa Uvira."

"Uvira wapi?"

Nikataja mtaa mmoja wa Uvira nilioupita siku ile nikiwa garini. Sauti yangu ilitoka vizuri. Lakini hakuridhika. Akageukia kona, alikokaa bibi, akainama kwa heshima na kumuuliza kwa sauti ya juu, kwa kuwa aliona ni mtu wa kupaziwa sauti: "Bibi, huyu kijana ni nani?"

Mama mwenye nyumba alishika ukingo wa meza. Bibi alinitazama. Alinitazama muda mrefu, midomo ikitafuna kitu kisichokuwepo, na mimi nikaanza kuliona lile neno likipanda.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mutoto ya hapa. Anakulaka sana!"

Wale askari wakacheka, hata mkubwa wao. "Basi mupatie chakula, bibi," akasema, wakatoka. Walipofunga lango nikakaa chini kwenye saruji. Bibi akauliza kwa nini nimekaa chini wakati kuna viti. Mpaka leo sijui kama alikumbuka tuliyomwambia au alijibu tu kilichomjia.

Baada ya hapo mkuu wa kitivo akawapigia simu wanafunzi wa miaka ya juu: hospitali zimejaa majeruhi, mikono haitoshi, anayeweza aje. Mama mwenye nyumba alikataa kabisa. Nami nilikuwa nimefika mahali ambapo niliogopa kile chumba zaidi ya barabara. Nikavaa koti jeupe, nikaning'iniza shingoni kadi ya chuo ambayo haikuandikwa uraia, nikatoka. Njiani walinisimamisha. "Docta?" aliuliza kijana mmoja. "Ndiyo," nikasema, na kofi la mama mwenye nyumba nikalihisi begani. Akanipisha.

Hospitali ilikuwa imeweka magodoro mpaka kwenye veranda. Nilipangiwa sali ya mifupa, sali ndiyo wodi kwa lugha ya kule, chini ya muuguzi mkuu, mama wa makamo kutoka Rutshuru, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kwao wanaongea Kinyarwanda. Nilijiambia niongee naye kidogo kadiri iwezekanavyo, na hilo halikuwa gumu maana yeye mwenyewe hakuwa na muda wa kuongea.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kilikuwa na mtu aliyevunjika paja. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, amevaa suruali ya michezo iliyokuwa fupi kwake na kwa wazi haikuwa yake. Alikuwa ameokotwa na watu wa kujitolea kando ya barabara. Hakuongea. Ukimuuliza jina, anatazama dari. Ukimuuliza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Lingala, ni hivyo hivyo. Wagonjwa wenzake walimwita Bubu. Wengine walisema ni mshtuko wa bomu.

Mimi nilimtazama siku ya kwanza tu nikajua si bubu. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiangalia chini kwanza, kabla ya kukataa kujibu.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa namfunga kidonda kila asubuhi, na kila asubuhi tulinyamaziana. Kidonda kilikuwa kibaya, na siku moja ilibidi kukisafisha kwa kina. Alipewa dawa ya usingizi kidogo, kile kidogo kilichokuwepo, na muuguzi mkuu mwenyewe akasimama upande wa pili wa kitanda akishika mguu. Nikabonyeza juu ya goti.

"Unasikia maumivu hapa?" nikauliza, kwa mazoea tu.

Macho yake yalikuwa nusu wazi. "Ego," akasema.

Alisema wazi. Mkono wangu ulisimama. Nikainua uso, na muuguzi mkuu alikuwa akinitazama mimi, si mgonjwa. Sijui uso wangu ulionyesha nini. Kwenye kitanda cha jirani mtu alijigeuza. Nilisubiri muuguzi aseme kitu, aite mtu, aulize. Kulikuwa na walinzi mlangoni, siku zote walikuwepo.

"Endelea, docta," akasema. "Huyu mutu haongeake. Nilishaandika kama ni bubu."

Nikaendelea. Tulipomaliza alinawa mikono kando yangu, akasema bila kunitazama: "Na weye, usiwe unasimama vile. Watu wanaona." Hakugusia tena jambo hilo, si siku hiyo wala baadaye.

Tangu hapo, asubuhi nilipoinama kumfunga Bubu kidonda, nilikuwa nikimnong'oneza. Mara ya kwanza nilisema "bwakeye" tu, ile salamu yetu ya asubuhi, mdomo wangu karibu na bandeji. Mguu wote ulitetemeka. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake alijibu. Maneno yetu yalikuwa machache, yale yanayoweza kusemwa wakati wa kufungua na kufunga kitambaa. Alitoka Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Ana watoto. Sikumuuliza alikuwa na cheo gani wala alifanya nini huko milimani, naye hakuniambia. Aliniuliza kama mvua imeanza nyumbani, nami nikasema sijui, sijaongea na mama mambo ya mvua. Nilikuwa nimekaa miezi bila kutamka lugha yangu, na sasa nilikuwa nikiitamka kwenye harufu ya usaha na iodini, na nilikuwa naamka nikiingoja asubuhi.

Ombi lake lilikuwa moja. Mke wake hajui kama yu hai. Namba ya mke wake ilikuwa kichwani mwake, naye akaniambia tarakimu chache kila siku mpaka nikaishika yote.

Sikuthubutu kumpigia mimi. Nilimwambia mama, kwa Kiswahili, kwa kuzunguka: "Kuna shangazi wa Kanyosha, namba yake hii. Mwambie mzee wake anaumwa mguu lakini anakula vizuri." Mama alikuwa ameshakuwa mwepesi wa mambo haya. Kwa simu aliuliza tu nyumba iliko. Alipanda basi akaenda mwenyewe. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: wamesikia, wanashukuru, mtoto wa mwisho ameanza kutembea. Nilipompa habari hiyo alijifunika uso kwa shuka, na mgonjwa wa jirani akaniuliza kama nimemuumiza.

Asubuhi moja nilifika nikakuta kitanda chake kitupu. Vitanda kadhaa vilikuwa vitupu. Muuguzi mkuu alikuwa akikunja shuka. Alisema wamekuja watu na magari mapema, wamechukua wale walioweza kubebwa, hawakusema wanakowapeleka.

"Waliuliza mutu anayemufungaka kidonda," akaongeza. "Nikasema ni miye."

Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kazi: "Docta, usirudie hapa tena. Enda kwenu."

Kwetu. Nilikaa tena chumbani, nikitazama ukuta. Nilikuwa sina pasipoti, na bila pasipoti hakuna mpaka wowote utakaonipokea, hata mpaka wa nchi yangu mwenyewe ungeniuliza maswali. Aliyenifungulia njia alikuwa mama mwenye nyumba, na ilikuwa kwa njia ya parokia, kama mambo yake yote. Baada ya misa alimwona karani mmoja wa ile ofisi ya uhamiaji, mtu aliyekuwa amepoteza kazi na sasa mke wake anauza makala, yaani mkaa, mtaa wa Mabanga. Akamuuliza tu, bila tumaini. Yule bwana akamvuta pembeni. Siku ofisi inafungwa, alisema, aliona watu wanaanza kubeba kompyuta na viti, akafikiri juu ya pasipoti za wageni. Akazitia kwenye mfuko wa plastiki akaenda nazo nyumbani.

Yeye mwenyewe alituletea yangu, ndani ya gunia dogo la makala. Ilikuwa na weusi kwenye kurasa, viza haikutiwa. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. "Ilikuwa kazi yangu, papa. Miye nilipokea, miye ninarudisha."

Niliondoka kwa njia ya Bunagana, kuelekea Uganda. Mama mwenye nyumba alinifungia sambaza wakavu, dagaa wa ziwani, na chikwange ya muhogo, akaniombea mlangoni, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyofanya mtu na mtoto wake anayekwenda shule ya bweni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Nilimpigia magoti. "Murundi, unaenda wapi?" akauliza kwa sauti kubwa. Hakuna aliyemkataza.

"Ninaenda nyumbani, bibi."

"Urudi mbio. Chakula kitapoa."

Gari lilipita Rumangabo, likapita Rutshuru, na kwenye kila kizuizi nilitoa kadi ya chuo na kusema Uvira. Bunagana, mpakani, haikuwezekana kusema Uvira tena. Kijana wa waasi aliyekuwa mezani alifungua pasipoti, akasoma, akaniangalia. Nilikuwa nimeona siku hii mara nyingi kichwani na kila mara iliishia vibaya.

"Uko Murundi."

"Ego," nikasema. Lilinitoka lenyewe, baada ya mafunzo yote yale.

Akafunua kurasa. "Ulikuwa unafanya nini Goma?"

"Nasoma udaktari. Nilikuwa nauguza majeruhi hospitalini."

"Majeruhi wa nani?"

"Waliokuwa wanaletwa."

Alikaa na pasipoti yangu mkononi. Nyuma yangu wanawake wenye mizigo ya vitunguu walianza kunung'unika. Sijui alifikiri nini. Labda alikuwa na ndugu aliyewahi kulazwa pale, labda alichoka tu na foleni. Alinirudishia bila kugonga muhuri wowote, akaashiria kwa kidevu upande wa Uganda. Nikatembea. Nilifika Kisoro, nikakaa kwenye benchi la kituo cha magari, na mchuuzi wa chai akaniuliza kitu, nikashindwa kumjibu kwa lugha yoyote. Alidhani ni mgonjwa, akanipa chai.

Safari ya kuzunguka Uganda na Tanzania mpaka Kobero, mlangoni mwa Burundi, nitaiacha. Nilifika. Mama alinilaki kwa Kirundi, kwa sauti ya juu, barabarani, mbele ya Buyenzi yote, na hakunyamaza mpaka jioni.

Chuo cha hapa kilitazama matokeo yangu kikasema nianze tena mwaka wa tatu. Nilikubali. Lakini kabla ya hapo nilikwenda Kanyosha. Mke wa yule mtu alinikaribisha kwenye nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, akaniuliza mambo nisiyoyategemea: mguu upi, alikuwa anapewa nini kula, ndevu zake zilinyolewa na nani. Nilijibu yote. Nikamwambia pia kwamba alichukuliwa, na kwamba sijui alipelekwa wapi. Hilo alikuwa hajalijua. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko, kisha akarudi na ombi.

Ndugu wa mume walikuwa wanataka kufanya matanga. Jeshi halikusema kitu, majirani wanaume waliokwenda naye hawakurudi, na wazee wa ukoo waliona heri kulia mara moja na kumaliza. Yeye alikuwa amekataa kwa ajili ya ule ujumbe alioletewa na mama, wakasema ana wazimu. Aliniomba nije Jumapili niwaambie.

Nilikwenda. Walikuwa wamejaa sebuleni, wazee na wanawake, na mtoto wa mwisho alikuwa akishika magoti ya watu akitembea. Nilisimama nikasema nilichokiona: kwamba nilimfunga kidonda kwa mikono yangu, kwamba alikuwa na akili zake, kwamba kidonda kilikuwa kinafunga mara ya mwisho nilipokiona. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo unasema yu hai?"

"Nasema nilimwacha hai."

Walishauriana. Wakaahirisha matanga. Mke wake alinisindikiza mpaka barabara kubwa, na uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa wa mtu aliyepewa mzigo alioutaka mwenyewe. Nilimuuliza kama nimemsaidia au nimemharibia.

"Sijui," akasema. "Lakini njoo tena."

Nakwenda, Jumapili nisizo na zamu. Hakuna simu iliyokuja. Tunakaa, ananipa chai, watoto wananiletea madaftari yao niwasaidie hesabu, na yeye huniomba nimwambie tena jinsi alivyokuwa akijibu salamu asubuhi. Namwambia.